Kutoka darasa la saba hadi stashahada: jinsi ya kupanga masomo ya miaka saba ukiwa kazini

Nilimaliza darasa la saba nikaingia kwenye cherehani. Miaka tisa baadaye nilirudi kusoma, na sasa kila jioni nafundisha watu wazima waliokatiza shule kama mimi. Wengi huja na hamu kubwa, lakini ikifika Aprili darasa limebaki nusu. Ndiyo maana wiki ya kwanza hatufungui kitabu. Tunakaa na kaunta buku na kalamu, tunapanga hivi.

Hatua ya 1: Andika jina la kozi

Ukurasa wa kwanza andika kozi unayotaka kuimaliza. Usiandike "kujiendeleza", maana neno hilo halikwambii usome nini kesho asubuhi. Kozi ndiyo inayochagua masomo. Nina mwanafunzi mmoja, mama anayeuza vitumbua, aliyekuja akiwa ameshajichagulia Historia, Jiografia na Uraia kwa sababu aliambiwa ni mepesi. Nilipomuuliza anataka kuwa nani, akasema muuguzi. Uuguzi unadai Biolojia, Kemia na Fizikia, na Kemia inahitaji mazoezi ya maabara ambayo kituo chetu hakina. Tulimtafutia kituo chenye maabara mapema. Angeligundua hilo baada ya kufaulu, miaka miwili ingekuwa imepotea.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kurudi nyuma

Anza na stashahada, yaani ngazi ya 6 ya masomo ya chuo. Chini yake kuna ngazi ya 5, kisha ya 4, na kila moja huchukua takriban mwaka. Kuingia ngazi ya 4 unahitaji cheti cha kidato cha nne chenye angalau D nne, yaani kufaulu masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Cheti hicho utakipata kama mtahiniwa binafsi wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, mtihani wa Novemba. Na kwa kuwa hukupita sekondari, kabla ya hapo lazima ufaulu Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT.

Ukianza Januari 2027, daftari litasomeka hivi: QT 2027, kidato cha nne 2028, chuo kuanzia 2029 hadi 2032. Ongeza mwaka mmoja wa akiba. Kwa hiyo pale ukurasa wa kwanza, pembeni ya kozi, andika 2033. Najua inaonekana mbali. Lakini mwaka huo wa akiba utakufaa kuliko kitu kingine chochote kwenye mpango huu, na nitaeleza mbele.

Hatua ya 3: Tafuta saa zako halisi

Hapa ndipo ninapokaa na mtu muda mrefu zaidi. Kwa wiki nzima andika ulichofanya kila saa, bila kujisifu. Mimi niligundua kwamba saa yangu ni saa kumi na nusu alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Yule mama wa vitumbua alfajiri yupo jikoni. Saa yake ni saa nane mchana, biashara ikiisha. Usiige saa ya mtu mwingine.

Saa moja na nusu kila siku kwa siku tano, na saa mbili na nusu Jumapili, ni saa kumi kwa wiki. Kwa wiki arobaini kabla ya mtihani unapata saa 400. Ukizigawa kwa masomo saba, kila somo linapata kama saa 57. Usizigawe sawa, tafadhali. Shule ya msingi ya serikali ulisoma kwa Kiswahili, na sekondari vitabu ni vya Kiingereza. Mtu anayeijua Jiografia vizuri huanguka kwa sababu hakulielewa swali. Miezi mitatu ya kwanza, nusu ya saa zako ziende kwenye Kiingereza, kisha Hisabati.

Hatua ya 4: Tenga ada kabla ya michango

Harusi, kipaimara, msiba: hatuwezi kuviacha, ndio ndugu zetu. Ila amua kiasi cha michango cha mwezi mapema, na kikiisha sema kimeisha. Ada iwe mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Mimi niliweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi kwenye kibubu. Siku sita kwa wiki, wiki hamsini, ni 300,000. Ukiwa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, uliza mgao wa mwisho wa mzunguko unaangukia mwezi gani. Usajili wa mtihani hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na mgao wa Juni hautakusaidia.

Hatua ya 5: Jikague Jumapili ya mwisho wa mwezi

Andika mistari mitatu tu: saa nilizosoma, fedha niliyoweka, mada niliyoshindwa. Mpe mtu mmoja asome. Asiwe anayekusifia kila kitu.

Hatua ya 6: Mwaka ukiharibika

Utaharibika mmoja. Nilifanya kidato cha nne 2007 nikapata D tatu. Mwezi wa mtihani mama alikuwa mgonjwa na nilikuwa nalala wodini naye. Nilitaka kulichoma daftari. Badala yake nilikaa nikaandika ni nini hasa kilichokosekana: somo moja, na karibu saa sitini nilizozipoteza tangu Agosti. Mwaka wa akiba ulikuwepo tayari, kwa hiyo kozi haikubadilika. Nilikata 2007 kwa wino mwekundu, nikaandika 2008 juu yake, nikaenda kujisajili kurisiti Januari, wiki ya kwanza usajili ulipofunguliwa.