Kufundisha Watoto Fasihi kwa Vitabu vya Roald Dahl: Hatua kwa Hatua

Mtoto hawezi kucheka kichekesho asichokielewa. Anapocheka katikati ya usomaji, amekwisha kuyaoanisha maneno ya mwandishi na yale anayoyajua kuhusu watu, tena kabla mwalimu hajauliza swali lolote. Kwa hiyo, katika somo la fasihi, kicheko ni ushahidi wa uelewa, na kazi inayobaki ni kumrudisha mwanafunzi kwenye sentensi iliyomchekesha ili aone ilivyoundwa. Kwa kazi hiyo mimi hutumia vitabu vya Roald Dahl, aliyezaliwa Wales mwaka 1916 kwa wazazi kutoka Norwei, akaajiriwa na kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam kabla ya kuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawaandikia watoto hadi alipofariki mwaka 1990. Ninamchagua kwa sababu mbinu zake za ucheshi huonekana ndani ya aya moja, kiasi kwamba hata mtoto wa miaka 8 anaweza kuonyesha kwa kidole mahali zilipo.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja na ukisome chote

Kwa wanafunzi wa miaka 8 au 9, The Twits cha mwaka 1980 kinafaa zaidi, kwa kuwa sura zake ni fupi na wahusika wakuu ni wawili tu, mume na mke wanaochukiana na kufanyiana vituko kila uchao. Wa miaka 10 na 11 wanakimudu Matilda cha mwaka 1988. Ikiwa wanafunzi wako bado hawasomi Kiingereza kwa wepesi, wasimulie sura husika kwa Kiswahili, lakini usizifupishe, kwani ucheshi wa Dahl umo katika mambo madogo, nayo ndiyo ya kwanza kupotea mtu anapofupisha.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti bila kueleza

Kila mwanafunzi awe na penseli na aweke alama ndogo kando ya mstari uliomchekesha. Darasa likicheka, nyamaza hadi litulie, kisha endelea. Usieleze kichekesho kabla hakijafikiwa.

Hatua ya 3: Rudini penye alama na muulize nani anajua nini

Hapa ndipo penye uzito wa somo, na ninashauri upatengee kipindi kizima. Chukua tukio la mkongojo katika The Twits. Kila usiku Bwana Twit hugundisha kipande cha ubao, kisichozidi unene wa sarafu, kwenye ncha ya mkongojo wa mkewe, na miguu ya kiti chake huifanyia vivyo hivyo. Baada ya muda mkongojo umerefuka, kiti kimepanda, na miguu ya Bibi Twit haigusi tena sakafu. Mumewe anamwambia kwamba ameshikwa na maradhi ya kusinyaa, naye anaamini na kuingiwa na hofu.

Andika ubaoni maswali matatu: Nani anajua kwamba mkongojo umerefushwa? Nani hajui? Sisi wasomaji tumejua tangu lini? Kwa kuyajibu, watoto wenyewe hugundua kwamba mwandishi ametupa siri ambayo amemnyima Bibi Twit, na kwamba kicheko kinatokana na pengo hilo. Ni baada ya ugunduzi huo tu ndipo unapotaja kwamba mbinu hii huitwa kinaya, maana istilahi ikitangulia, watoto huikariri bila kuiona kazi yake.

Kisha uliza kwa nini vipande vilikuwa vyembamba kiasi hicho. Ingekuwaje kama Bwana Twit angeongeza shubiri nzima kwa usiku mmoja? Wanafunzi watasema kwamba mkewe angegundua mara moja na hadithi ingeishia hapo. Kwa jibu hilo wameeleza namna msuko unavyojengwa kidogo kidogo na taharuki inavyotunzwa, na wamelisema kwa maneno yao.

Hatua ya 4: Pimeni chuku, yaani kutia chumvi kupita kiasi

Katika Matilda, mwalimu mkuu Bi. Trunchbull, ambaye aliwahi kurusha nyundo katika Olimpiki, anamkamata msichana kwa nywele zake zilizosukwa, anamzungusha hewani na kumtupa ng'ambo ya ua. Msichana anaanguka kwenye majani na kuinuka. Uliza: kama angempiga kofi tu, tungecheka? Wengi hujibu hapana, kwa sababu kofi ni jambo la kweli na linauma, ilhali mtoto anayeruka angani ametuvusha mpaka wa uhalisi. Baadaye Matilda mwenyewe, mhusika mkuu wa kitabu, anaeleza kwamba Trunchbull hufanya makubwa yasiyosadikika ili wazazi wasiamini watakapoambiwa. Waonyeshe wanafunzi kwamba chuku hapa inachekesha na papo hapo inamlinda mkatili ndani ya hadithi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa fani, yaani ufundi wa kusimulia, inayobeba maudhui, yaani ujumbe wa hadithi.

Hatua ya 5: Jadilini anayechekwa

Usiikwepe hatua hii. Dahl huwacheka wakatili wenye mamlaka, lakini pia hucheka maumbile ya watu. Mwaka 2023 wachapishaji wake, Puffin, walibadili maneno kadhaa, kisha wakatangaza kwamba matoleo ya awali nayo yangeendelea kupatikana. Ukipata nakala za aina zote mbili, weka sentensi mbili zinazolingana kando kwa kando na uulize kilichoongezeka na kilichopotea. Wanafunzi wakubwa waambiwe pia kwamba katika toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory, la mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa mbilikimo weusi kutoka Afrika, na kwamba Dahl aliwabadili katika toleo la mwaka 1973 baada ya kukosolewa. Mtoto ana haki ya kujua kwamba mwandishi anayempenda anaweza kuhojiwa.

Hatua ya 6: Waandike

Kila mmoja aandike kituko kimoja chenye masharti haya: mtendwa awe mtu anayewaonea wengine, siri aijue msomaji tangu mwanzo, na mabadiliko yatokee angalau mara tatu kabla ya kugunduliwa. Jina la mwanafunzi mwenzao lisitumike kamwe. Wengi watakimbilia mwisho. Warudishie daftari na uwaombe waongeze usiku mmoja zaidi katikati.

Hatua ya 7: Tathmini

Usiulize maana ya kinaya wala ya chuku. Mpe mwanafunzi ukurasa ambao hajausoma, aweke alama alipocheka, kisha aandike sentensi mbili zinazoeleza mwandishi alifanya nini pale. Anayeeleza mbinu kwa usahihi bila kukumbuka jina lake apate alama zaidi kuliko anayetaja jina na kushindwa kuonyesha mstari.