Kupima nitrifikesheni katika Mto Mirongo kabla haujaingia Ziwa Victoria

Amonia ikipungua kati ya kituo cha juu na cha chini, usikimbilie kusema bakteria wameigeuza nitrati, yaani nitrifikesheni. Mirongo unakatiza katikati ya Mwanza, mitaro inamwaga humo. Huenda amonia imezimuliwa tu.

1. Chagua kipande kisicho na mtaro. Ili kujua kasi ya maji, rusha chungwa lielee mtoni, pima sekunde linazotumia kwa mita 20 mara tatu, kisha zidisha kasi kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

2. Pima joto, pH na oksijeni palepale mtoni.

3. Chota sampuli. Kazi nyingi huharibikia hapa. Chuja mtoni kwa bomba la sindano lenye filta ya mikroni 0.45, na mililita 20 za kwanza mwaga. Ukibeba maji yenye tope kwenye gari lenye joto, bakteria wanaendelea na kazi yao, na utakachopima ni chupa, si mto. Jaza chupa mbili. Ya amonia itie asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ya nitriti na nitrati usiitie asidi kabisa, nitriti huharibika. Iweke kwenye barafu, ipimwe ndani ya saa 24. Mvuta sigara akae mbali, moshi wake una amonia.

4. Chupa pacha. Tia tope kidogo la sakafuni na maji yasiyochujwa, kiasi kilekile kila chupa, uzifunge kwa foili mwani usipate mwanga. Nusu ya chupa hizo ongeza alilithiourea (ATU), dawa inayozuia bakteria wasigeuze amonia, miligramu 10 kwa lita. Tikisa mara kwa mara. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, zitupe uanze upya. Baada ya saa 24, amonia iliyozidi kwenye chupa zenye ATU ndiyo nitrifikesheni, ingawa arkea, vijidudu vingine vinavyogeuza amonia, hawadhuriki sana na dawa hii, hivyo jibu huwa pungufu.

5. Hesabu. Ili upate nitrojeni pekee, majibu ya maabara yakiwa ya nitrati nzima, gawa kwa 4.43; ya amoniamu nzima, kwa 1.29. Kisha linganisha kloridi, ambayo bakteria hawaigusi, ya vituo viwili: ikishuka asilimia 10, upungufu unaofikia asilimia 10 ya amonia ya kituo cha juu ni kuzimuliwa tu. Kila miligramu ya nitrojeni iliyobaki inayogeuzwa nitrati hula miligramu 4.57 za oksijeni. Vijiti vya kupimia vya kuchovya majini waachie wenye matangi ya samaki.