Kufunga Taa za LED kwenye Gari la Zamani Uingereza: Anza na Tarehe, Balbu Baadaye

Mwaka 2022 nilimsaidia mjomba wangu, anayeishi Leicester, kufunga taa za LED kwenye Land Rover yake iliyokuwa ya jeshi. Kazi ya bisibisi haikuzidi saa moja, lakini kuthibitisha kwamba taa hizo zinaruhusiwa kulituchukua wiki tatu, na sehemu kubwa ya wiki hizo tuliipoteza kwa sababu tulinunua kwanza tukauliza baadaye. Maelezo haya yanahusu magari ya England, Wales na Scotland.

Hatua ya 1: Fahamu sheria inatazama nini

Kanuni za Taa za Magari za mwaka 1989 ndizo msingi, na mwongozo wa wakaguzi wa MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, ndio utakaokukuta gereji. Kwa gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1986 au baada ya hapo, taa kubwa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni haitakiwi kuwekwa balbu ya LED. Tangu Januari 2021 mkaguzi ameagizwa kuifelisha taa iliyobadilishwa hivyo, hata kama mwanga wake unaonekana umekaa sawa.

Sababu yake inaeleweka ukiitazama balbu yenyewe. Kiakisi cha taa ya halojeni kimechongwa kwa ajili ya waya mmoja mwembamba unaowaka mahali pamoja, ilhali balbu ya LED ina chipu zilizobandikwa pande mbili za kibao kinene kuliko waya huo, kwa hiyo sehemu ya mwanga hupanda juu na kumpiga machoni dereva anayekuja. Alama ya CE kwenye boksi haibadilishi lolote hapa, kwa kuwa si kibali cha taa za barabarani, na maandishi madogo yanayosema kwamba balbu si ya kutumika barabarani yasomwe kabla ya kulipa.

Magari yaliyoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Aprili 1986, pamoja na pikipiki, hayafelishwi kwa sababu hiyo pekee. Hata hivyo, umbo na mwelekeo wa mwanga bado vitapimwa.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe ambayo gari lako linahesabiwa kuwa lilianza kutumika

Hapa ndipo tulipokwama, kwa hiyo naomba uvumilivu wa msomaji. Watu wengi hufungua kadi ya gari, yaani V5C, wakasoma tarehe ya usajili wa kwanza na kuishia hapo. Kwa gari lililonunuliwa jipya hapa nchini jambo hilo kwa kawaida halina madhara, kwa kuwa tarehe inayohesabiwa ni ile inayotangulia kati ya mbili: tarehe ya usajili wa kwanza, au miezi sita baada ya gari kutengenezwa. Angalia lakini kwamba gari lililotengenezwa Septemba 1985 na kukaa kwa muuzaji hadi Mei 1986 linahesabiwa tangu Machi 1986, hivyo linaangukia upande wa zamani ingawa kadi inasema Mei.

Gari lililotumika kwanza bila kusajiliwa hapa nchini, kama vile lililoingizwa kutoka nje au lililokuwa la jeshi, lina kanuni tofauti: linahesabiwa tangu lilipotengenezwa. Land Rover ya mjomba ilitengenezwa mwaka 1985, ikatumika jeshini, kisha ikasajiliwa uraiani mwaka 1993. Mkaguzi wa gereji tuliyoiendea alisoma 1993 kwenye kompyuta, akaziona LED, akaifelisha. Mjomba, ambaye hapendi kubishana na mtu aliyevaa ovaroli, alirudi nyumbani akang'oa zile taa jioni ileile na kurudisha za halojeni.

Hilo ndilo kosa lililotugharimu zaidi. Mwenye gari asiyeridhika na matokeo ya MOT anaweza kukata rufaa DVSA, wakala wa serikali unaosimamia ukaguzi huo, ndani ya siku 14 za kazi, lakini kasoro inayobishaniwa haitakiwi kuguswa kabla ya gari kukaguliwa tena. Utalipa ada upya, na ukishinda utarudishiwa yote au sehemu yake. Sisi tulikuwa tumeshaugusa ushahidi, kwa hiyo ilibidi tuanze upya kwa kukusanya karatasi: picha ya kibao cha chuma chenye namba ya chesisi, na barua ya kuthibitisha mwaka wa kutengenezwa. Tuliporudi nazo, tulimwonyesha mkaguzi kabla hajaliingiza gari kwenye kompyuta, si baada ya matokeo, na mazungumzo yalikwisha kwa dakika tano.

Gari lililotimiza miaka 40, ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa, halilazimiki kwenda MOT. Usidhani kwamba hapo taa zimekuwa huru. Askari wa barabarani bado anaweza kukusimamisha kwa taa inayopofusha wenzako.

Hatua ya 3: Kwa gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1986 au baadaye, badilisha taa nzima

Usibishane na balbu. Nunua taa kamili ya LED iliyoidhinishwa, yenye herufi E na namba ndani ya duara kwenye kioo chake. E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Kisha tafuta kishale. Ukisimama mbele ya gari ukiitazama taa, taa ya nchi zinazoendesha kushoto ina kishale kinachoelekea kulia kwako. Isipokuwa na kishale kabisa, ni ya nchi zinazoendesha kulia, na mwanga wake utainuka upande wa magari yanayokuja. Taa za duara za inchi saba za bei rahisi ndizo zenye tatizo hili mara nyingi, na mimi sizinunui bila kuona picha ya kioo chenyewe kwa karibu.

Hatua ya 4: Funga

Ondoa waya hasi wa betri, funga, rudisha.

Hatua ya 5: Pima mwanga ukutani

Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, na uweke alama ya utepe ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa. Washa dim. Ikiwa katikati ya taa haizidi milimita 850 kutoka ardhini, ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya alama kwa asilimia 0.5 hadi 2, yaani sentimita 5 hadi 20 kwa umbali huo. Ikiwa inazidi milimita 850, kama ilivyo kwa Land Rover yetu, ni asilimia 1.25 hadi 2.75, yaani sentimita 12.5 hadi 27.5. Ukingo usipoonekana wazi na mwanga ukawa kama wingu, skrubu za kurekebisha hazitakusaidia. Rudisha taa dukani.

Hatua ya 6: Taa ndogo

Nyuma ni nyekundu, indiketa ni za rangi ya kaharabu, rivasi ni nyeupe, na kimulimuli cha buluu hakifungwi kabisa kwenye gari la raia, hata kama hakiwaki. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, kwa sababu nyeupe hutoa rangi ya waridi. Indiketa zinatakiwa kuwaka mara 60 hadi 120 kwa dakika. LED hula umeme kidogo, hivyo rilei ya zamani, yaani kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, hudhani balbu imeungua na kuharakisha mipigo. Wengi hufunga rezista ili kuongeza umeme unaoliwa, lakini hizo huchemka hadi kuyeyusha plastiki iliyo jirani. Badilisha rilei.

Hatua ya 7: Iandikie kampuni ya bima

Iandikie kabla ya kuendesha, ukitaja aina ya taa na alama yake, na uombe jibu la maandishi. Mjomba amelichapisha jibu lake, na sasa linakaa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki pamoja na barua inayothibitisha kwamba gari lilitengenezwa mwaka 1985, chini ya kiti cha dereva.