SOMO: Kudaka WiFi ya mbali ukiwa kambini kwa karai la maandazi

Wakuu, habari za leo. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopiga kambi, na mara nyingi mahema yanakuwa bondeni wakati ruta iko juu kule mapokezi. Safari yetu ya mwisho milimani Usambara tulikuwa mita 120 hivi kutoka kwenye ruta. Nywila tulipewa na mwenye kambi, lakini laptopu ilishika kijiti kimoja, mara kinakatika. Mpishi alipomaliza maandazi ya asubuhi nikamwomba karai lake, nikalitumia kama dishi la kukusanya mawimbi. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kikatoka -84 dBm (desibeli) hadi -72, ripoti yangu na picha zake zote zikaenda. Kwa asiyezizoea hizo namba: ikisogea kuelekea sifuri ndiyo nzuri, na kila ikisogea hivyo kwa 3 nguvu imekuwa mara mbili. Hapo tulipata kama mara 16.

Siri iko kwenye waya. Wengi wanatafuta waya mrefu wa antena, kumbe waya mwembamba wa antena aina ya RG58 unakula karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye WiFi ya GHz 2.4. Unachokidaka juu ya mti kinaishia njiani. Waya wa USB haubebi mawimbi, unabeba data. Kwa hiyo peleka redio yenyewe, yaani adapta ya WiFi, kwenye karai.

Vifaa: adapta ndogo ya WiFi ya USB, ekstensheni ya USB ya mita 3 (isizidi 5, baada ya hapo adapta huanza kupotea), karai la chuma au alumini, kijiti cha mwanzi, mpira wa tyubu na rula.

Hatua ya 1. Kabla ya karai, hama. Zunguka na simu yenye programu ya kupima WiFi, au kwenye Windows andika *netsh wlan show interfaces* usome asilimia. Majani mabichi na turubai lililolowa hunywa mawimbi ya GHz 2.4 vibaya sana. Wakati mwingine hatua tano nje ya kivuli cha mti zinatosha na somo linaishia hapo.

Hatua ya 2. Tafuta mahali mawimbi yanapokutana ndani ya karai. Pima kipenyo cha mdomo na kina cha katikati. Kipenyo zidisha kwa kipenyo, kisha gawa kwa kina mara 16. La mpishi wetu lilikuwa na mdomo wa sm 36 na kina cha sm 9: 1296 gawa kwa 144, jibu sm 9 kutoka kwenye kitako. Hesabu hiyo ni ya dishi halisi. Karai limekaa kama kipande cha mpira wa kuchezea, kwa hiyo mahali penyewe huwa mbele kidogo. Letu lilikubali kwenye sm 10 na nusu.

Hatua ya 3. Laza mwanzi ukatize mdomo wa karai, ufunge kwa mpira wa tyubu kwenye mikono yote miwili. Ning'iniza adapta katikati yake, ikiingia ndani au kutokeza nje mpaka ifikie kipimo chako. Usifunge kwa waya wa chuma, maana chuma karibu na adapta kinaharibu kila kitu.

Hatua ya 4. Elekeza, na hapa usiwe na haraka. Geuza karai kwa upana wa vidole viwili, subiri sekunde kumi namba itulie, soma, geuza tena. Ukipata upande, zungusha adapta yenyewe. Antena za ruta ile zilisimama wima, na adapta yangu ilikuwa imelala: -78. Nilipoisimamisha, -72. Sikugusa kingine chochote.

Hatua ya 5. Egemeza karai kwa mawe na ufunike adapta kwa mfuko wa nailoni, umande usiingie. Karai jipya linalong'aa usiliache likitazama jua la mchana. Joto litakusanyika palepale ilipo adapta na kuiyeyusha.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, sina laptopu. Nifanyeje?
Marahaba. Simu nyingi hazikubali adapta ya WiFi ya USB. Mwombe mwenzako mwenye laptopu afunge karai, kisha awashe hotspoti. Windows 10 na 11 zinaweza kupokea WiFi na kuigawa kwa simu za hapo kambini.

Mkuu, ruta yao haijafungwa karai. Mimi nitaisikia, yenyewe itanisikiaje?
Swali zuri sana. Karai linakusanya yanayoingia na linarusha mbele yanayotoka, kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana nalipenda: WiFi ni mazungumzo, na hapa pande zote mbili zinafaidika.

Natumia kimodemu cha laini ya simu, si WiFi ya kambi. Karai litasaidia?
Inategemea masafa. Kwenye MHz 800 wimbi moja lina urefu wa sm 37, sawa na karai zima, usitegemee kitu. Kwenye 1800 ni sm 17 hivi, utaona nafuu kidogo. Kwa modemu ningeanza kwa kuipandisha mtini kwa ekstensheni ya USB.

Na antena ya kopo je?
Inafanya kazi, ila kopo liwe na kipenyo cha sm 8 hadi 9, na adapta yako iwe na tundu la antena ya nje. Kwa sm 9, toboa sm 5.1 kutoka kwenye kitako, ingiza kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa sm 3.1. Kopo pana la maziwa ya unga liache, likizidi sm 9.5 mawimbi yanavurugika ndani.

Kaka, huku kwetu upepo mkali, karai linaanguka kila saa.
Pole dada. Tumia chujio kubwa la waya badala yake. Wimbi la WiFi lina sm 12, matundu madogo kuliko sm 1 halioni, kwake ni ukuta mzima. Upepo unapita, mawimbi yanarudi.