SOMO: Joto linavujaje kwenye tokamaki, tulipige hesabu hatua kwa hatua

Haya wadau, tokamaki ni mashine yenye umbo la donati inayoshika plazma kwa sumaku ili viini vya atomi viungane na kutoa nishati. Plazma ni gesi ya moto mkali iliyovunjika kuwa elektroni na ioni (atomi zilizopoteza elektroni). Wengi mnauliza plazma imeshikwa na sumaku kali vile sasa joto linatokaje. Shika kalamu twende, hesabu ni ya kugawanya tu.

Hatua ya 1. Jua joto liko wapi. Kwenye JET, tokamaki ya kule Culham, Uingereza, katikati ilikuwa inafika nyuzi milioni 150 hivi, ila ukisogea kama mita moja tu kwenda pembeni ushagusa ukuta. Huo mteremko wa joto ndo kila kitu, ushike kichwani.

Hatua ya 2. Tafuta muda wa kushika joto. Hali ikishatulia, chukua nishati iliyomo kwenye plazma ugawe kwa pawa unayoingiza. Tuseme ndani kuna megajuli 10 na hita zinasukuma megawati 20, unapata nusu sekunde. Sio kwamba plazma inazimika baada ya nusu sekunde, hapana, ni kwamba joto linavuja kwa spidi ambayo usipoongezea ndani ya nusu sekunde hivi sehemu kubwa imeshatoka.

Hatua ya 3. Sasa spidi ya kusambaa. Nusu kipenyo cha plazma ni mita 1, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa mara nne ya ule muda. Jibu ni mita za mraba 0.5 kwa sekunde, makadirio tu lakini ndo saizi yenyewe.

Hatua ya 4. Linganisha na nadharia, na hapa ndo patamu. Ukihesabu migongano ya chembe peke yake, hata ukiweka zile chembe zinazonaswa na kuzunguka kwa njia ya umbo la ndizi, joto la elektroni lilitakiwa kuvuja kidogo mno, vipimo vinaonyesha kama mara mia ya hapo. Kinacholitoa ni turbulensi, yaani vimbunga vidogo vya sentimita chache vinavyobeba joto toka ndani kwenda nje.

Hatua ya 5. Angalia kizingiti. Mwaga mchele kwenye sinia, kilima kinapanda mpaka mteremko fulani, ukizidisha unaporomoka. Mteremko wa joto uko hivyohivyo, ukipita kizingiti turbulensi inawaka na kuusawazisha.

MASWALI

Swali: Mkuu kwani wasiongeze hita tu?
Jibu: Ukiongeza pawa ule muda wa hatua ya 2 unapungua ndugu yangu, joto la katikati linapanda kidogo tu. Dawa ni kuinua joto la pembeni. Mwaka 1982 Fritz Wagner na wenzake kwenye tokamaki ya ASDEX, Garching, Ujerumani, waliona plazma inabadilika ghafla na kushika joto kama mara mbili, kumbe pembeni mtiririko unapishana spidi na kuvikatakata vimbunga. ITER, tokamaki kubwa inayojengwa kule Ufaransa, imepangwa juu ya hiyo hali.

Swali: Na stelareta je, zenyewe hazina shida hii?
Jibu: Wanayo dada. Stelareta nayo ni mashine ya kushika plazma kwa sumaku, ila umbo lake limepindapinda. Wendelstein 7-X, stelareta ya Greifswald, Ujerumani, sumaku zake zimepindwa makusudi ili uvujaji wa migongano upungue, na ukapungua kweli, ila turbulensi ikabaki ndo mvujishaji mkuu, wakipiga vidonge vya haidrojeni iliyogandishwa ili katikati pawe na msongamano mkubwa ioni zinapata moto zaidi kwa muda.