Kumpa Mtoto Dawa ya Usingizi kwa Usalama: Hatua Ninazofuata na Wazazi Dukani

Mwezi uliopita nilitumia karibu saa tatu na mama mmoja aliyefika katika duka letu la dawa akiwa na hofu, kwa sababu mwanawe wa miaka minane, mwenye usonji, alikuwa akilala hadi saa sita mchana na kuamka akiyumba. Daktari wa watoto alikuwa amemwandikia promethazini ya maji, dawa ya mzio inayoleta usingizi, kwa siku chache, na dozi iliyoandikwa ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo tulilikuta kwenye droo ya vijiko na kwenye chupa ya dawa ya mafua, na ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Hakikisha dawa imeandikwa kwa ajili ya mtoto huyu

Mwambie daktari kila kinachomwamsha mtoto: minyoo inayowasha usiku, upele, pumu, chai ya jioni, simu kitandani. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Usisahau kutaja kukoroma, kwani mtoto mwenye nyama za pua au mafindofindo makubwa anaweza kuzibwa pumzi zaidi akilegezwa na dawa. Promethazini haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa imewahi kuzuia pumzi na kuua watoto wa umri huo. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaowanywesha watoto dawa ya mzio ili walale ndani ya basi la safari ndefu.

Hatua ya 2: Weka mezani dawa zote anazotumia

Soma jina la kiambato, si jina la biashara. Dawa nyingi za mafua na kikohozi zina klorofeniramini au promethazini, nazo huongeza usingizi juu ya usingizi. Kodeini, ambayo ni dawa ya maumivu na kikohozi, na baadhi ya dawa za kifafa ni hivyohivyo. Mtoto wa mama yule alikuwa akinywa dawa ya mafua jioni hiyohiyo. Peremende za melatonini (homoni ya usingizi) zinazotumwa na ndugu walioko Marekani nazo ziwekwe mezani: utafiti uliochapishwa huko mwaka 2023 ulipima bidhaa 25 na kukuta kiasi halisi cha melatonini, pale ilipokuwapo, ni kati ya asilimia 74 na 347 ya kilichoandikwa kwenye lebo.

Hatua ya 3: Pima dozi

Daktari huandika miligramu, ilhali wewe unamimina mililita, na kinachounganisha viwili hivyo ni nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa. Promethazini ya maji ipo yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, na ipo yenye miligramu 6.25 katika ujazo uleule. Tuseme umeandikiwa miligramu 10, na huu ni mfano wa hesabu tu, usiuchukue kuwa dozi ya mwanao: kwa chupa ya kwanza utampa mililita 10, kwa ya pili mililita 8. Mzazi aliyekariri "mililita kumi" kisha akauziwa chupa ya pili atakuwa amezidisha dozi kwa robo nzima bila kujua. Kwa hiyo kila unapopewa chupa mpya, mwombe mfamasia akuandikie mililita upya juu ya lebo.

Halafu kuna kijiko. Kila nilipomuuliza mama yule anampa mtoto kiasi gani, alijibu "vijiko viwili", nami nikaendelea kutafuta kosa mahali pengine, hadi nilipomwomba ampigie simu dada wa kazi atutumie picha ya kijiko chenyewe. Kilikuwa kijiko cha mezani, ambacho hubeba mililita 15 hivi, wakati kijiko cha chai kinachokusudiwa ni mililita 5. Siku mama alizochelewa kazini, mtoto alinyweshwa mara tatu ya dozi yake.

Mimi sikubali kijiko chochote, na hata kikombe cha plastiki kinachokuja na chupa sikipendi, kwa kuwa kikishikwa juu au chini ya usawa wa jicho kinadanganya. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano, tupa kifuniko chake ili mtoto asikimeze, kisha lizungushie plasta kwenye mstari wa dozi ili yeyote atakayelishika avute hadi hapo tu. Mtoto akiwa ameketi, mimina polepole kati ya shavu na ufizi. Anayempa awe mtu mmoja, na aandike saa kwenye daftari. Akitapika au akitema, usirudie kabla ya kuuliza. Vilevile wapo watoto ambao dawa hizi huwachangamsha badala ya kuwalaza. Usiongeze dozi, mjulishe daktari.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Lala naye chumba kimoja. Asipoamshika, akipumua kwa shida, au ulimi na ufizi vikigeuka rangi ya buluu, mlaze ubavu na umkimbize hospitali pamoja na chupa. Usimnyweshe maziwa wala kumtapisha.

Hatua ya 5: Hifadhi kwa kufuli

Kwa kijana, hesabu vidonge kila wiki na uvishike wewe, hasa akiwa na huzuni isiyoisha. Mweleze wazi kwamba dawa hizi na pombe huua kwa pamoja, na asiendeshe pikipiki asubuhi akiwa bado mzito.

Hatua ya 6: Kuacha

Diazepamu na fenobabitali, dawa za kutuliza na za kifafa, zikitumika kwa wiki kadhaa haziachwi ghafla, kwa sababu mtoto anaweza kupata degedege. Daktari hupunguza kidogokidogo. Promethazini ya siku chache huachwa tu. Chupa iliyobaki irudishe duka la dawa, usimwekee mdogo wake.