Kisu kidogo cha kumenyea: namna ya kupata saizi inayokufaa

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Dar es Salaam. Siku ya harusi, watu wa kumenya vitunguu na viazi hukaa kuanzia alfajiri, na kila mmoja huja na kisu chake. Anayechoka mapema, au anayejikata dole gumba, mara nyingi utakuta ana kisu kirefu kuliko mkono wake unavyohitaji. Lawama huenda kwenye makali, lakini tatizo ni saizi.

Maelekezo mengi ya visu huandikwa kwa mtu anayekata kila kitu juu ya ubao, akiwa amesimama. Jikoni kwetu wengi tunakatia mkononi: umekaa kwenye kigoda, sufuria iko mbele, kitunguu kiko kiganjani na kisu kinakuja upande wa dole gumba. Kwa mtu wa namna hiyo kisu kidogo ndicho kinachobeba kazi ya siku nzima, kwa hiyo kichague kwa kupima mkono wako na kazi zako.

Hatua ya 1: Jua unakatia wapi

Jiangalie siku mbili tatu ukipika kama kawaida. Kama unakatia mkononi, usalama wako uko kwenye ufupi wa bapa: ncha inatakiwa ibaki mahali unapoiona, mbele kidogo ya dole gumba. Ikipita mbali zaidi ya hapo inakuwa inatembea nyuma ya kiazi, na hujui iko wapi.

Kama unakatia ubaoni, kisu kidogo kina kikomo chake. Bapa lake lina upana wa sentimita 2 hivi, hivyo mpini unakuwa karibu sana na ubao na vifundo vya vidole vinagonga. Kachumbari ya watu wengi ikate kwa kisu kikubwa. Kidogo kiachie kutoa vikonyo vya nyanya na mbegu za pilipili.

Hatua ya 2: Pima mkono wako

Bana vidole vinne pamoja, dole gumba likae pembeni, kisha pima upana wa vidole hivyo vinne kwa rula. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 7 na 9. Kanuni ninayotumia mimi ni kwamba huo ndio urefu wa bapa wa kuanzia. Mwenye mkono mdogo anaanzia 7, mwenye kiganja kipana anaweza kufika 9 bila shida.

Mpini nao uangalie kwa kipimo hichohicho. Lazima uzidi upana wa vidole vinne, kama sentimita 10 au 11. Ukiwa mfupi, kitako cha mpini kinachimba katikati ya kiganja, na baada ya ndoo ya viazi utakuwa na lengelenge hapo hapo. Wanunuzi wengi hupima bapa na kusahau mpini, ingawa mkono unashika mpini.

Hatua ya 3: Oanisha urefu na unachomenya

Sentimita 6 hadi 7: hiki ni cha vitu vidogo. Kitunguu swaumu, tangawizi yenye vidole vingi, pilipili mbuzi, na kamba. Kwa kamba utaona faida yake waziwazi: unachana mgongo kidogo tu, unaingiza ncha chini ya ule mshipa mweusi, unaunyanyua na kuuvuta wote. Ncha ikiwa karibu na kidole cha shahada unaihisi kabisa. Ikiwa mbali unapasua nyama.

Sentimita 8 hadi 9: ukinunua kimoja tu, nunua hiki. Kinazunguka kiazi bila kuinua kiwiko, kinamenya karoti, kitunguu maji na embe la kawaida. Kinafaa pia kwa macho ya nanasi. Menya ganda kwa kisu kikubwa kwanza, halafu angalia macho yanavyopanga mstari wa mshazari. Kata mfereji wenye umbo la V ukiufuata mstari huo, na macho yatatoka kwa mkupuo. Ukichimba jicho moja moja unatupa nusu ya nanasi.

Sentimita 10: kwa embe dodo kubwa, papai dogo, na kwa anayekata sukuma wiki mkononi. Majani ukiyakunja pamoja, fungu linakuwa nene. Bapa fupi linazama ndani ya fungu, ncha inakwama, na majani yanachanika. Kwa mboga nyingi za majani ni bora hata uende kwenye kisu cha sentimita 12, ila hicho si cha kumenyea tena.

Muhogo usiuguse kwa kisu chembamba cha kumenyea. Kuchana ganda kwa urefu ni sawa, lakini kulibanjua kwa kupindua ncha ndiko kunakoivunja. Tumia kisu kinene cha zamani. Kwa ndizi mbichi saizi ya 8 hadi 9 inatosha, ila paka mafuta kidogo mikononi na kwenye bapa kwanza, kwa sababu utomvu ukikauka juu ya makali kisu kinakuwa kama butu.

Kuna pia vile vilivyopinda, vinavyotumika kuchonga viazi na karoti viwe na umbo. Ni vizuri kwa kazi hiyo, ila si vya kuanzia.

Hatua ya 4: Dukani

Kariakoo au popote, nenda na rula. Wauzaji wengine wakikutajia inchi wanasoma kisu kizima pamoja na mpini. Wewe pima kuanzia ncha hadi bapa linapokutana na mpini. Inchi 3 ni sentimita 7.6, inchi 3 na nusu ni 8.9, inchi 4 ni 10.2. Viwanda vingi huandika urefu wa bapa. Victorinox ya Uswisi, kwa mfano, ina visu vya kumenyea vya sentimita 8 na vya 10, na ukivishika vyote viwili utauhisi mkono wako unakwambia upi ni wake.

Tazama mgongo wa bapa kwa juu. Unene wa milimita 1 hadi 1.5 ni mzuri. Ukizidi 2, karoti itapasuka badala ya kukatika. Kama unamenya maembe na kukata ndimu kila siku, chukua chuma cha pua, maana chuma cha kawaida huwa cheusi kwa asidi na kushika kutu usipokikausha. Msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, usiwe unacheza hata kidogo.

Hatua ya 5: Kijaribu kwa kiazi

Chukua kiazi cha ukubwa wa ngumi. Kimenye chote ukizunguka, kisha chimba macho yake kwa ncha. Bapa likiwa refu, utajikuta unasogeza vidole mbele hadi vinatoka kwenye mpini na kushika chuma. Likiwa fupi mno, unalazimika kupita mara mbili sehemu ileile na ganda linatoka vipandevipande. Saizi yako ni ile ambayo dole gumba linabaki limetulia juu ya kiazi, na ganda linashuka jembamba na refu.

Hatua ya 6: Namna ya kukinoa

Wanoaji wa jiwe la baiskeli wanasaidia sana kwa mapanga na visu vikubwa. Kisu kidogo usiwape: jiwe linakula chuma kingi kwa mara moja, na bapa lenye upana wa sentimita 2 halina cha kupoteza. Kinoe mwenyewe kwenye kinoo kilicholowa, ukikilaza nyuzi 15 hadi 20, pande zote mbili sawasawa, na umalizie kwa kupita ncha taratibu. Baada ya miaka bapa litakuwa jembamba na fupi kidogo. Kisu cha 9 kilicholika hivyo usikitupe. Kwenye shughuli zangu hupewa wanaomenya swaumu na kusafisha kamba.